Kupiga Msasa Insha ya Hoja Kabla ya Kuikusanya: Mwongozo Kamili kwa Mwanachuo

Insha nyingi za wanachuo ninazosoma hupoteza alama kwa sababu moja. Mwandishi hugundua anachotaka kusema anapofika ukurasa wa mwisho, kisha hukusanya kazi bila kurudi ukurasa wa kwanza. Mwanzoni ameandika kwamba "insha hii itajadili faida na hasara". Ukurasa wa sita anasema, kwa sentensi iliyonyooka na yenye moto, jambo lililopaswa kutangulia yote. Rasimu ya kwanza ni mahali pa kufikiri. Mtu huandika ili ajue anaamini nini, na hilo ni jema. Tatizo linaanza pale mhadhiri anapokabidhiwa safari nzima ya kutafuta, aitembee hatua kwa hatua mpaka akute kile ulichokiona mwishoni.

Mwongozo huu unaanzia siku rasimu inapokamilika. Ili tusielee hewani, nitaishika rasimu moja tangu mwanzo hadi mwisho, juu ya swali ambalo mwanachuo wa Kiswahili au wa elimu nchini Tanzania hulikuta mapema: "Je, Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari? Jadili." Sentensi za rasimu hiyo nimezitunga mwenyewe, lakini makosa yake nimeyaona mara nyingi, na baadhi niliyafanya nilipokuwa mwaka wa kwanza.

Iache ilale

Ukimaliza kuandika saa nane usiku, usianze kuhariri saa nane na nusu. Jicho lililotoka kuandika linaona ulichokusudia, halioni kilichoandikwa. Siku mbili za kupumzika zinafaa sana. Hata usiku mmoja unasaidia. Kwa hiyo rasimu ikamilike siku nne au tano kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa insha ya kurasa sita hadi nane, mimi hugawa hivi: jioni moja ya dai (yaani msimamo unaoutetea) na mpangilio, jioni moja ya ushahidi na marejeleo, asubuhi moja ya lugha, na nusu siku ya kuchapa. Kama umebakiwa na usiku mmoja tu, shughulikia dai kuu na ramani ya aya, ambayo nitaieleza mbele, kisha isome insha kwa sauti. Hayo matatu ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Chapa nakala moja ya rasimu hata kama ni ya kuchorachora tu. Wengi huandika kwenye simu, na kwenye kioo kidogo huwezi kuona aya ya pili na ya saba kwa pamoja. Ukizitandaza karatasi mezani au kitandani, marudio yanajionesha yenyewe.

Rudi kwenye swali

Kabla ya kugusa insha, soma swali upya na upige mstari chini ya kila neno linaloweka mpaka. Hapa kuna "kufundishia", ambalo ni tofauti na kufundishwa kama somo. Kuna "sekondari", kwa hiyo chuo kikuu hakimo. Halafu kuna "jadili". Neno hili limewapotosha wengi. Katika insha ya hoja, kujadili ni kupima pande zote kisha kusimama mahali na kueleza kwa nini umesimama hapo. Kupanga faida tano huku na hasara tano kule, kisha kujificha katikati, ni kuorodhesha tu.

Sasa angalia rasimu yetu. Ina aya nzima inayoeleza kwamba SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na kwamba UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Yote ni kweli, na yanatia fahari. Lakini hayamwambii msomaji chochote kuhusu mtoto wa kidato cha kwanza anayefundishwa baiolojia. Aya hiyo inaondoka. Najua inauma kufuta nusu ukurasa uliouhangaikia. Ihamishie kwenye faili jingine uliloliita "mabaki", huenda ikafaa kazi nyingine.

Tafuta dai kuu, kisha lihamishe

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi.

Fungua kurasa mbili za mwisho za rasimu. Zisome ukitafuta ile sentensi ambayo mwenzako akiipinga bwenini utaacha kula ili umjibu. Mara nyingi inaanza na "Kwa hiyo" au "Kimsingi", na mara nyingi imejibanza katikati ya aya. Nilipokuwa mwaka wa pili, mhadhiri wangu alizungushia kalamu sentensi moja ya ukurasa wa nane, akachora mshale mrefu kuelekea ukurasa wa kwanza. Hakuandika neno lolote juu ya mshale ule, wala halikuhitajika.

Katika rasimu yetu, ukurasa wa kwanza unasema: "Insha hii inajadili matumizi ya Kiswahili kama lugha ya kufundishia, faida zake na changamoto zake." Hakuna mtu duniani anayeweza kuipinga sentensi hiyo, maana inatangaza mada tu. Ukurasa wa mwisho unasema: "Mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili akakutana na baiolojia kwa Kiingereza, mara nyingi hapati Kiingereza wala baiolojia." Hili sasa ni dai. Lichukue, liongezee pendekezo na sababu, uliweke mwishoni mwa utangulizi:

"Kiswahili kitumike kufundishia masomo ya sekondari, na Kiingereza kifundishwe kama somo na walimu waliofunzwa kukifundisha, kwa sababu utaratibu wa sasa unamnyima mwanafunzi vyote viwili: maarifa ya somo na Kiingereza chenyewe."

Kisha lijaribu dai lako. Je, mtu mwenye akili zake na nia njema anaweza kulipinga? Kama hawezi, bado hujadai kitu. Je, ndani yake kuna "kwa sababu"? Kama haimo, utakuwa umetoa maoni yasiyo na mguu. Je, ushahidi ulionao unafika mpaka pale dai lako linapofika? Hapa ndipo wengi wanapoanguka. "Kiswahili ni lugha bora kuliko Kiingereza" ni dai linaloweza kupingwa, lakini hakuna ushahidi utakaolithibitisha, kwa kuwa hakuna mizani ya kupimia ubora wa lugha. "Kiingereza kifutwe mashuleni" ni kubwa kuliko ushahidi wote ulioukusanya.

Hata dai letu jipya limezidi kidogo. Tanzania ina shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, na mtoto aliyetoka huko hana shida ile tunayoieleza. Basi ongeza mpaka: "katika shule ambazo wanafunzi wake wamesoma elimu ya msingi kwa Kiswahili". Wanachuo huogopa mipaka ya namna hii wakidhani inadhoofisha hoja. Mimi naona kinyume chake. Dai lenye mpaka ni gumu kubomoa, kwa sababu umekwishakubali mapema kila ambacho mpinzani angekushtukizia.

Chora ramani ya aya

Chukua nakala uliyochapa na penseli. Pembeni mwa kila aya andika, kwa maneno yasiyozidi kumi, aya hiyo inathibitisha nini. Usiandike inahusu nini. "Historia ya lugha ya kufundishia" ni mada. "Uamuzi wa kubaki na Kiingereza ulifanywa huku tatizo likijulikana" ni hoja. Ukishindwa kuandika maneno hayo kumi, aya yako haina kazi, au ina kazi tatu zinazogombana.

Ramani ya rasimu yetu ilitoka hivi: aya ya kwanza, maana ya lugha, ya pili, maana ya elimu, ya tatu, mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, ya nne, wanafunzi wanaelewa zaidi kwa Kiswahili, ya tano, utamaduni, ya sita, SADC, ya saba, wanafunzi wanaelewa zaidi, tena, ya nane, upungufu wa istilahi, ya tisa, hitimisho.

Aya ya kwanza na ya pili zinahitaji maneno machache. Tumelelewa kuanza kila jibu kwa fasili ya kamusi: "Kwa mujibu wa TUKI (2004), lugha ni..." Katika mtihani wa maswali mafupi desturi hiyo ina nafasi yake. Katika insha ya hoja inakula ukurasa wa kwanza, ukurasa ambao msomaji anaamua kama atakuamini. Fasili neno ambalo maana yake inabishaniwa na ambalo hoja yako inalitegemea. Hapa neno hilo ni "lugha ya kufundishia", na sentensi moja inatosha. Msomaji wako anajua lugha ni nini. Kama idara yenu inalazimisha fasili, zitoe, lakini zisizidi mistari mitatu, na ziandike kwa namna inayoanza kujenga hoja.

Aya ya nne na ya saba ni moja, ziunganishe. Ya tano, juu ya utamaduni, ni hoja nyingine kabisa, na dai letu halikuitaja. Ama uiingize kwenye dai, ama uiache. Mimi ningeiacha.

Kuna jaribio moja la mpangilio ninalolipenda. Badilisha nafasi za aya mbili za katikati. Kama insha haikuumia, basi hukuwa na mtiririko wa hoja, ulikuwa na orodha. Dalili yake huonekana kwenye maneno ya kuanzia aya: "Aidha", "Vilevile", "Pia", "Halikadhalika". Yote hayo yanasema "na jingine hili hapa". Badala yake tafuta uhusiano halisi kati ya aya na aya. Je, hii ni matokeo ya ile? Andika "Kwa sababu hiyo". Je, inaipunguza nguvu? "Hata hivyo". Je, inajibu swali ambalo ile imeliacha wazi? Liulize swali hilo waziwazi, kisha ulijibu. Ukishindwa kupata uhusiano wowote, tatizo liko kwenye mpangilio, na neno la kiunganishi halitalitibu.

Upime ushahidi wako mmoja mmoja

Tenga jioni nzima kwa hatua hii. Pitia kila mahali ulipotaja ripoti, sera au mwandishi, ujiulize: chanzo hiki kinasema hivi kweli? Je, kinachosema ndicho ninachohitaji kuthibitisha? Je, kuna sehemu yake nimeificha?

Tuanze na Tume ya Makweta, ambayo haikosi katika insha za mada hii. Rasimu inasema: "Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike." Sentensi hiyo ni nyepesi mno. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa ripoti yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia Januari 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Ukiandika hivyo, msomaji anaona mwaka, hatua na hatima yake. Lakini jiulize linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba wazo hili lilipimwa kwa uzito katika ngazi ya taifa zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Halithibitishi kwamba wanafunzi huelewa zaidi kwa Kiswahili. Kwa hilo unahitaji ushahidi wa darasani.

Ripoti ya watafiti Criper na Dodd ya mwaka 1984, juu ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, inakaribia hapo. Ilikuta Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kiko chini kiasi cha kutoweza kubeba masomo mengine. Wanachuo huinukuu sana kwa hilo, kisha hunyamaza. Wanachokiruka ni kwamba ripoti hiyohiyo ilipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na kiimarishwe. Mhadhiri anayeijua ripoti ataona umechukua nusu tu, na kuanzia hapo hatakuamini hata pale unaposema kweli. Liweke wazi: watafiti waliona ugonjwa ule unaouona wewe, wakapendekeza dawa tofauti. Kisha eleza kwa nini dawa yao haikutosha. Insha yako imepanda daraja kwa sentensi mbili.

Mtego kama huo upo kwenye Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014. Sera ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote za elimu na mafunzo. Tamko linalofuata likasema serikali itaendelea kuimarisha matumizi ya Kiingereza katika kufundishia. Ukinukuu la kwanza ukaacha la pili, umeipotosha sera. Ukiyanukuu yote mawili, umepata hoja mpya kabisa, kwamba sera yenyewe inavuta kamba pande mbili. Zaidi ya hayo, sera hiyo ina toleo la 2023. Soma toleo la sasa kabla ya kuandika "sera inasema", na kwenye marejeleo taja ni toleo lipi.

La mwisho ni la hatari zaidi kwa sababu linaonekana kuwa salama. Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha ripoti iliyotetea kumfundisha mtoto kwa lugha ya mama, na rasimu yetu inaitumia kuunga mkono Kiswahili. Lakini Tanzania ina lugha zaidi ya mia moja. Kwa mtoto aliyekulia kwenye Kisukuma au Kihehe, Kiswahili ni lugha ya pili. Ukiitumia hoja ya lugha ya mama bila kulisema hilo, umempa mpinzani panga. Njia ya kutoka ipo: usiegemee "lugha ya mama", egemea "lugha ambayo mwanafunzi ameisomea miaka yote ya shule ya msingi". Hilo ni kweli kwa Msukuma, kwa Mhehe na kwa mtoto wa Temeke.

Mpe mpinzani kiti kizuri

Hoja pinzani katika rasimu nyingi ni kibonzo: "Wapo wanaosema Kiswahili hakina istilahi, lakini si kweli." Huyo mpinzani amesimamishwa ili aangushwe. Msomaji mwenye akili anajua kuna wapinzani wenye nguvu kuliko huyo, naye atashangaa kwa nini umewakwepa.

Mtafute mpinzani mwenye nguvu. Katika mada hii mara nyingi ni mzazi. Anauza mbuzi au anakopa kwenye kikoba ili mtoto asome shule ya mchepuo wa Kiingereza. Anasema usaili wa kazi nzuri unafanywa kwa Kiingereza, vitabu vya chuo ni vya Kiingereza, na wenye nafasi wanawapeleka watoto wao huko huko. Je, mtoto wake abaki nyuma ili lugha ya taifa ipate heshima? Hoja hii ina uchungu na ina mantiki. Iandike kwa namna ambayo mzazi huyo akiisoma atasema, naam, umenielewa.

Baada ya hapo kubali kilicho kweli ndani yake. Kiingereza kina thamani sokoni, na kumnyima mtoto wa maskini ni dhuluma. Ndipo uonyeshe pale hoja inapokatika: mzazi anataka mtoto wake ajue Kiingereza, naye amedhani njia ya kukijua ni kufundishiwa kila kitu kwa Kiingereza, hata na mwalimu ambaye mwenyewe anakihangaikia. Tofauti ya kujifunza lugha na kujifunza kwa lugha ndiyo moyo wa jibu lako. Ona sasa jinsi inavyolirudia dai kuu, lile la kumnyima mwanafunzi vyote viwili. Hoja pinzani iliyojibiwa vizuri huipeleka insha mbele.

Kuhusu mahali pa kuiweka, usiisukumie aya ya mwisho kabla ya hitimisho, ambako huonekana kama deni lililolipwa kwa kuchelewa. Iweke mara baada ya sababu yako ya kwanza yenye nguvu, ukiwa bado na nafasi ya kuendelea baada yake. Na suala la istilahi usilitupe: Kiswahili kina vyombo vya kukuza istilahi, kikiwemo BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) kilichoundwa mwaka 1967, lakini istilahi iliyomo kamusini inahitaji kuingia kwenye kitabu cha kiada na kinywani mwa mwalimu. Likubali hilo kuwa gharama ya pendekezo lako.

Utangulizi na hitimisho

Viandike upya baada ya hayo yote, kwa sababu insha uliyonayo sasa si ile uliyoitangulizia. Futa "Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia" na "Tangu enzi na enzi". Anza na kitu kinachoonekana: darasa la kidato cha kwanza mwezi Januari, mwalimu anasoma sentensi ya Kiingereza ubaoni, kisha anageuka na kuieleza kwa Kiswahili kwa sababu anajua la sivyo hataeleweka. Kila aliyesoma shule ya kata analijua darasa hilo. Sentensi tatu au nne, kisha dai.

Hitimisho lisirudie hoja zako moja baada ya nyingine. Msomaji ametoka kuzisoma. Mwambie kinachofuata kama umemshawishi: nini kifanyike kwanza, na kwa gharama gani.

Sasa ndipo lugha

Umefika kwenye sentensi. Isome insha yote kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida, ukiwa na kalamu. Popote ulipokata pumzi, sentensi ni ndefu. Popote ulipojikwaa, kuna kitu. Usisimame kusahihisha, tia alama tu uendelee.

Anza na upatanisho wa kisarufi. Hata wazungumzaji wazawa huukosea pale kiima na kitenzi vinapokaa mbali: "Matumizi ya lugha ya Kiingereza katika shule za sekondari inawazuia wanafunzi..." Kilichozuia ni matumizi, basi "yanawazuia". "Uelewa wa wanafunzi wa masomo ya sayansi wanapungua" iwe "unapungua". Kwa kila sentensi ndefu piga mstari chini ya nomino kuu na chini ya kitenzi chake, uvisome viwili hivyo peke yake.

Halafu tahajia. "Swala" ni mnyama wa porini au ibada. Jambo linalojadiliwa ni "suala". "Kwasababu", "kwahiyo", "kwaajili" na "hatahivyo" vitenganishwe: kwa sababu, kwa hiyo, kwa ajili, hata hivyo. Angalia herufi h, maana "ata" huandikwa mahali pa "hata" na "haya ya tatu" mahali pa "aya ya tatu". Kama kwenu r na l hubadilishana, "kufikiri" itakuwa imegeuka "kufikili" mahali fulani. Mpe rafiki wa mkoa mwingine akusomee. Onesha na onyesha zote utazikuta kwenye maandishi mazuri. Chagua moja ubaki nayo hadi mwisho.

Kinachonisumbua kuliko tahajia ni Kiswahili kilichovaa nguo za kuazima. Vyanzo vingi vya mada hii viko kwa Kiingereza, nasi tunavihamisha neno kwa neno. "Lugha inacheza nafasi muhimu katika elimu": lugha haichezi, ina nafasi kubwa. "Mkutano ulichukua nafasi Dodoma": ulifanyika. "Mwisho wa siku wanafunzi wanafeli": hatimaye. "Kiingereza kinatumika na walimu": kinatumiwa na walimu. Ukiitilia shaka sentensi, ifunike, kisha mweleze mtu jambo hilo kwa mdomo kama unavyozungumza na mdogo wako. Andika ulichosema.

Pia punguza mzigo. "Lakini hata hivyo", chagua moja. "Sababu ya hili ni kwa sababu", chagua moja. "Kama vile" ikifuatwa na mifano haihitaji "na kadhalika". Na neno "changamoto", tafadhali, litafute lote kwenye insha yako, ulipe jina lake halisi kila lilipo. "Changamoto ya walimu" ni nini? Hawatoshi? Hawajui Kiingereza? Hawalipwi? Kila jibu lina hoja yake, na "changamoto" inazifunika zote. Vivyo hivyo na "wataalamu wengi wanasema". Wataalamu gani? Mtaje mmoja, au useme wewe mwenyewe.

Marejeleo, tafsiri na mashine

Kila jina lililomo ndani ya insha liwemo kwenye orodha ya marejeleo, na kila lililo kwenye orodha liwemo ndani ya insha. Zilinganishe kwa kidole, ukitia tiki. Ukinukuu chanzo cha Kiingereza, tafsiri maneno hayo, kisha andika "tafsiri yangu" pamoja na ukurasa. Kutafsiri aya ya mtu bila kumtaja ni wizi wa kitaaluma hata kama programu ya kukagua haitaukamata.

Wengi sasa hutumia akili mnemba. Kuiomba ikuulize maswali magumu juu ya dai lako, au ikuoneshe sentensi zilizorefuka, kunaweza kukusaidia ikiwa chuo chenu kinaruhusu. Soma kanuni za kozi kwanza. Kuiachia iandike ni jambo jingine, na mara nyingi Kiswahili chake ndicho kile cha "kucheza nafasi". Zaidi ya yote, hutunga vitabu na kurasa zisizokuwepo. Chanzo ambacho hujakishika mkononi wala kukifungua mwenyewe kisiingie kwenye orodha yako.

Siku ya kukusanya

Soma maelekezo ya idara kuhusu fonti, nafasi kati ya mistari na idadi ya maneno, uyafuate hata kama huyapendi. Jalada liwe na jina, namba ya usajili, msimbo wa kozi, jina la mhadhiri na swali lenyewe, neno kwa neno. Hifadhi faili kama PDF kabla ya kwenda steshenari, kwa sababu kompyuta ya pale inaweza kuwa na toleo jingine la programu, na kurasa zako zikahama. Liweke kwenye flashi, na pia ujitumie kwa barua pepe. Usiende saa ya mwisho. Umeme ukikatika mchana ule, foleni ya wanachuo itakuwa ndefu kuliko maelezo yoyote utakayotoa.

Karatasi zikitoka kwenye mashine, zihesabu pale pale kaunta. Angalia kama kurasa zimefuatana na kama hakuna iliyotoka nyeupe. Kisha soma dai lako kwenye ukurasa wa kwanza, fungua ukurasa wa mwisho, usome sentensi mbili za mwisho. Zikiwa zinazungumza jambo moja, piga pini.